Mama Anachoka Bila Sababu: Pengine Ni Moyo

Sikiliza mazungumzo haya. Yanaweza kusikika katika nyumba yoyote ya Kambove.

Ni saa kumi na moja ya asubuhi. Mama ameamuka kuwasha makala, lakini anaketi chini mbele ya mbabula. Jasho baridi linamutoka.

— Mama watoto, uko na nini?

— Minachoka tu, baba. Tangu juma mbili. Pumzi haitoshe. Na mugongo inanivuta mpaka ku taya.

— Iko malaria hiyo. Kunywa dawa, ulale.

— Eh, ni kweli. Itaisha.

Pengine ni malaria kweli. Lakini uchovu wa namna hii, pamoja na pumzi fupi na jasho baridi, unaweza pia kuwa sauti ya moyo unaokosa damu. Na moyo haungojee mpaka kazi za nyumba ziishe.

MOYO NI POMPI

Sisi watu wa mugodi tunajua kazi ya pompi. Pompi ikisimama, maji yanajaa chini na kazi yote inakufa. Moyo nao ni pompi: usiku na muchana unasukuma damu katika mwili wote. Lakini moyo wenyewe unahitaji kula. Unakula kwa njia ya mishipa yake midogo.

Mwaka kwa mwaka, mafuta yanaweza kushika ndani ya mishipa ile, kama uchafu katika mupira wa maji. Siku moja damu inaganda pale na kuziba njia. Sehemu ya moyo isiyopata damu inaanza kufa. Ndiyo maana wanganga wanahesabu dakika: njia ikifunguliwa mapema, nyama ya moyo inaokoka. Ikichelewa, ile iliyokufa hairudi tena.

KWA NINI WAMAMA WANACHELEWA?

Watu wengi wanafikiri kwamba huu ni ugonjwa wa wanaume: bwana munene anashika kifua na kuanguka. Maumivu ya kifua ndiyo dalili inayojulikana zaidi, kwa wanaume na kwa wanawake pia. Lakini kwa wanawake wengi ugonjwa unaingia kwa mulango mwingine.

Katika mwaka wa 2003, Jean McSweeney na wenzake katika Marekani walitangaza matokeo ya kuuliza wanawake 515 waliopata shambulio la moyo na kupona. Wanawake 95 kwa 100 walisema kwamba mwili ulikuwa umewaonya mbele, wengi zaidi ya mwezi muzima. Walisikia nini? Karibu 71 kwa 100 walisikia uchovu usio wa kawaida. Karibu 48 walikosa usingizi muzuri. Karibu 42 walikosa pumzi. Na siku ya shambulio lenyewe, wanawake 43 kwa 100 hawakusikia maumivu ya kifua hata kidogo.

Sasa fikiri juu ya mama wa kwetu. Zamani, kazi ya Gécamines ilikuja pamoja na lopitali kwa bwana, bibi na watoto. Mwaka wa 2003 maelfu ya wafanyakazi walitoka katika kampuni, na jamaa nyingi zikapoteza matunzo yale. Mama ndiye aliyeshika nyumba: soko, shamba, gunia la makala juu ya kichwa. Mama wa namna hii amezoea kuchoka. Anajiambia, « Nikilala, watoto watakula nini? » Na franga ya lopitali, anaiweka kwa mutoto mugonjwa, si kwa mwili wake.

Wengine wanasema ni gastriti. Wengine ni mawazo. Wengine wanatafuta ni nani aliyemuloga. Wakati ule wote, mushipa unabaki umezibwa.

DALILI ZA KUANGALIA

• Uzito, kubanwa ao moto katikati ya kifua, unaokaa dakika nyingi, ao unaoondoka na kurudi.

• Maumivu katika mugongo, bega, mukono mumoja ao yote miwili, shingo ao taya.

• Pumzi fupi, hata mama ameketi tu.

• Jasho baridi, kichefuchefu, kutapika, ao maumivu juu ya tumbo yanayofanana na gastriti.

• Kizunguzungu, na uchovu ambao usingizi hauondoe.

Si lazima dalili zote zije pamoja. Jiulize hivi: « Je, hii ni kitu kipya kwangu? » Kama juzi ulibeba ndoo yako bila shida, na leo unapumzika mara tatu katika njia ileile, usingoje. Nenda ukapimwe, hata kama huna maumivu.

NANI AKAE MACHO?

Uchunguzi mukubwa uliofanywa katika nchi za Afrika na kutangazwa mwaka wa 2005 ulionyesha kwamba sababu tano zinabeba karibu 89 kwa 100 ya hatari ya shambulio la kwanza la moyo: tumbako, ugonjwa wa sukari, tansio, mafuta ya tumbo, na mafuta mabaya katika damu.

Mama aliyepata tansio ao sukari wakati wa mimba asifikiri kwamba mambo yaliisha siku ya kuzaa. Hatari yake inabaki kuwa kubwa kuliko ya wengine. Vilevile mama ambaye ameacha kuona siku zake. Lakini hata mama kijana anaweza kupatwa.

Basi, pima tansio hata kama husikii kitu, kwa sababu tansio haipige hodi. Ukipewa dawa, usiziache siku unaposikia nafuu. Punguza chumvi, Maggi na makayabu. Lenga-lenga na maharagi vinapatikana katika soko yetu. Na tumbako, ya kuvuta ao ya pua, iache.

SIKU IKIFIKA, FANYA HIVI

1. Mama aache kazi mara moja. Aketi, mugongo kwenye ukuta, nguo zilegezwe.

2. Asitembee kwa miguu. Tafuta gari. Ikikosa, pikipiki, na mutu wa kumushika kwa nyuma. Likasi ni karibu kilometa 25 tu, lakini kutafuta franga na pikipiki kunaweza kumaliza saa nzima.

3. Kama kuna aspirini ya 300 mg, atafune moja. Asitumie kama aspirini inamudhuru, ao kama ana kidonda cha tumbo kinachotoa damu. Na kutafuta aspirini kusicheleweshe safari.

4. Usimupe pombe wala dawa za mizizi. Usiseme, « Tuone kesho. »

5. Akianguka na kuacha kupumua, mulaze chini chali. Weka mikono miwili katikati ya kifua na usukume kwa nguvu, upesi, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, bila kuacha, mpaka musaada ufike.

6. Kule lopitali, musiseme tu « amechoka ». Mueleze saa dalili zilianza, na kama ana tansio ao sukari. Muulize wazi: « Munganga, inaweza kuwa moyo? » Kuna mashini inayoandika kazi ya moyo kwenye karatasi. Ombeni kipimo kile. Pengine inafaa kukirudilia, kwa maana cha kwanza kinaweza kuonekana kizuri.

Wababa, neno hili ni lenu pia. Leo, mbele ya ugonjwa, wekeni franga kidogo ya safari mahali mama anapojua, na namba ya mutu wa pikipiki ikae katika simu yake. Wamama wa likelemba wanaweza kupatana: pesa ya mugonjwa haingojee zamu.

Turudi sasa mbele ya mbabula. Mama ameketi, jasho linamutoka. Safari hii mazungumzo ni mengine:

— Mama watoto, uko na nini?

— Minachoka, baba. Pumzi haitoshe. Na hii uchovu haiko ya kazi.

— Basi acha moto. Mutoto, kimbia, ita pikipiki. Twende sasa hivi.

Kama wanganga wakikuta ni malaria, tutashukuru na kurudi nyumbani. Kama ni moyo, mama amefika kungali na wakati.