Ukisikia Ngurumo Kakamega, Anza Kuhesabu

Mwanzoni mwa Mei 2024 Wakenya wengi walikaa kando ya redio wakifuatilia safari ya kimbunga Hidaya katika Bahari ya Hindi. Wataalamu walieleza kilikuwa wapi, kilikuwa na kasi gani na kilielekea upande upi. Ufunguzi wa shule uliahirishwa, na wakazi wa pwani wakaonywa wasiingie baharini. Mwishowe kimbunga hicho kilipungua nguvu kilipokaribia Kisiwa cha Mafia, nchini Tanzania, tarehe 4 Mei.

Sisi wa Kakamega tuko zaidi ya kilomita 700 kutoka Mombasa, na vimbunga vya baharini havitufikii. Hata hivyo, msomaji asidhani kwamba hatuna dhoruba ya kufuatilia. Tunayo, tena huja karibu kila alasiri wakati wa masika, haipewi jina, na hukua haraka kuliko kimbunga chochote. Oktoba 2023 dunia ilishangaa kimbunga Otis kilipogeuka kutoka dhoruba ya kawaida na kuwa kimbunga cha daraja la juu kabisa kwa muda wa siku moja hivi, kabla ya kuupiga mji wa Acapulco, Meksiko. Wingu la radi la Kakamega huhitaji chini ya saa moja. Idara ya Hali ya Hewa inaweza kukuambia asubuhi kwamba kutakuwa na ngurumo katika Magharibi mwa Kenya leo, lakini haiwezi kukuambia kwamba radi itapiga shamba la nyuma ya soko la Khayega saa tisa na robo. Kazi hiyo ni yako, na vyombo vyake ni macho na masikio.

Hebu tuangalie jinsi dhoruba hii inavyoanza. Asubuhi anga huwa safi na jua huwa kali. Kufikia adhuhuri ardhi imepata joto, na upepo wenye unyevu unavuma kutoka Ziwa Victoria kuja nchi kavu. Upepo huo hukutana na ule utokao mashariki, na miinuko ya upande wa Nandi husaidia kuisukuma hewa hiyo juu. Ndipo utaona wingu jeupe lililojikunja kama koliflawa likipanda, hata kufikia kilomita 10 na zaidi. Huko juu maji huganda, chembe za barafu hugongana, na umeme hujilimbikiza. Wingu hilo hilo ndilo hutuletea mvua ya mawe inayoharibu mahindi na mboga. Mara nyingi huanzia mashariki likasukumwa kuja kwetu. Upepo wa baridi ukianza ghafla kurusha vumbi na makaratasi sokoni, jua kwamba dhoruba imekwisha kufika.

(Wazee wa ukoo wa Nganyi kule Bunyore, majirani zetu wanaojulikana kama wagangaji wa mvua, husoma miti, ndege na upepo kutabiri majira. Wataalamu wa hali ya hewa wamewahi kuketi nao na kulinganisha utabiri, jambo ambalo naliona la busara. Lakini hilo ni la majira, si la dakika.)

Kuhesabu ni rahisi. Ukiona mmweko wa umeme, tazama saa yako hadi usikie ngurumo. Mwanga hutufikia papo hapo, lakini sauti huchukua sekunde 3 kusafiri kilomita moja. Sekunde 30 maana yake ni kilomita 10, na radi inaweza kuruka umbali huo kutoka kwenye wingu na kupiga mahali ambapo hata mvua haijaanza. Kwa hivyo hesabu ikiwa 30 au chini, acha jembe, acha mpira, ingia ndani. Hesabu ikipungua kila mara, 24, 15, 9, dhoruba inakuja kwako. Usitoke hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Wengi hupigwa mwanzoni, wakikimbiza kazi ya mwisho, au mwishoni, mvua ikiisha na watu wakidhani hatari imekwenda nayo.

Kuingia wapi? Hapa ndipo penye shida yetu Waafrika, na vitabu vya Ulaya havitusaidii sana. Mahali salama ni jumba la kudumu lenye nyaya za umeme na mabomba ya maji ndani ya kuta, kwa sababu radi hupita humo hadi ardhini, au gari lenye paa la chuma na vioo vilivyofungwa. Kibanda cha mabati sokoni, kivuli cha bodaboda na nyumba ya udongo hukukinga na mvua tu. Darasa lenye paa la mabati lisilo na waya wa kupeleka umeme ardhini laweza kuwa mtego. Juni 2011 radi iliua watoto 18 katika shule ya msingi ya Runyanya, wilayani Kiryandongo, Uganda. Tarehe 2 Novemba 2024, katika kambi ya wakimbizi ya Palabek, kaskazini mwa nchi hiyo hiyo, watu 14 waliuawa wakiwa katika ibada. Kamati za shule zetu hununua rangi ya ukuta kila mwaka. Ningependa siku moja zijadili vikingaradi.

Chini ya mti ni pabaya zaidi. Radi ikipiga mti, umeme husambaa ardhini na kupanda kwa mguu mmoja na kushuka kwa mwingine, ndiyo sababu ng'ombe wengi hufa pamoja chini ya mti mmoja. Ndani ya nyumba usiegemee ukuta, usioge, usishike kifaa kilichounganishwa na umeme, ikiwemo simu iliyo kwenye chaji. Simu iliyo mfukoni haiiti radi, wala nguo nyekundu haziiti.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike makala haya. Miaka kadha iliyopita, nikifanya kazi katika kituo kimoja cha afya mashambani, pikapu ilileta watu wanne waliopigwa na radi shambani. Watatu walikuwa wakilia kwa maumivu, na hao ndio walioshughulikiwa kwanza kule shambani, wakafungwa vitambaa na kuinuliwa. Wa nne alikuwa kijana mwenye umri wa miaka kumi na kitu, asiye na jeraha lolote la kuonekana. Alilazwa nyuma kabisa, akafunikwa. Nilipouliza nani alimpulizia pumzi, waliniambia kwamba alikuwa amekufa tayari, na kwamba maiti ya radi haiguswi kabla ya kutakaswa.

Kila mhudumu wa afya hufundishwa kwamba katika ajali ya basi, anayelia na anayevuja damu hutangulizwa, naye aliyekwisha kukata roho huachwa. Kwa radi tunageuza utaratibu huo. Anayelia anapumua, na anayepumua baada ya kupigwa na radi karibu kila mara ataishi. Asiyelia ndiye wa kukimbiliwa.

Sababu ni hii. Radi hupita mwilini kwa muda mfupi mno, na mara nyingi hata haichomi sana. Lakini mshtuko wake husimamisha moyo na pumzi kwa pamoja. Moyo una mtambo wake wa kuanzisha mapigo, na mara nyingi huanza tena wenyewe. Sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi huchelewa zaidi. Basi moyo unapiga, lakini mtu hapumui, na hewa safi inakwisha katika damu. Baada ya dakika chache moyo husimama mara ya pili, na kusimama huku ni kugumu kurekebisha. Kati ya kusimama kwa kwanza na kwa pili ndipo jirani anaweza kumwokoa mtu bila dawa wala sindano.

Hakikisha kwanza kwamba wewe mwenyewe huko hatarini. Ikibidi, msogeze mahali pa afadhali. Kisha mguse. Mwili wa aliyepigwa na radi haubaki na umeme hata chembe. Kama hapumui, mlaze chali juu ya kitu kigumu, weka viganja katikati ya kifua na ubonyeze kwa nguvu, kina cha sentimita 5 kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kila baada ya kubonyeza mara 30, inua kidevu chake, ziba pua na umpulizie pumzi 2 mdomo kwa mdomo. Ukihisi moyo unapiga lakini hapumui, mpulizie pumzi moja kila sekunde 5 au 6. Endelea mkibadilishana hadi apumue au mfike hospitalini, kwani pumzi huweza kuchelewa kurudi.

Nimesikia ya kumwagia maziwa, nimesikia ya kumzika mtu nusu mwili ili ardhi inyonye umeme, na ya kusubiri mtaalamu wa kienyeji atoke mbali. Sina ugomvi na anayetaka kujua ni nani aliyetuma radi. Aulize jioni. Dakika kumi za kwanza ni za kifua na mdomo.

Aliyenusurika apelekwe hospitalini hata akisema yuko sawa, apimwe moyo, na mama mjamzito achunguzwe mtoto. Usishtuke miguu ikiwa baridi, imekufa ganzi na haisogei. Mara nyingi hurudi baada ya saa chache. Alama nyekundu za matawi kama jani la jimbi zinazotokea kwenye ngozi si mkono wa mchawi, nazo hufifia zenyewe baada ya saa au siku chache. Masikio yaangaliwe, kwa kuwa kiwambo hupasuka kwa kishindo. Macho nayo yapimwe tena baadaye, maana mtoto wa jicho huweza kutokea miezi kadha baada ya ajali. Na mwanafunzi aliyepigwa na radi akianza kusahau masomo, kukosa usingizi au kukasirika ovyo, mwalimu asimchape. Amrudishe kwa daktari.