Masizi si mzigo

Neno "charge" liliniponza miaka miwili iliyopita. Watu wa avenue yetu, juu kidogo ya soko la Nyawera, walikuwa wamechanga pesa za tuyo ya maji, nami nikapewa karatasi ya muuzaji, yote kwa Kifaransa, niwasomee kwa Kiswahili. Ilisema tuyo nyeusi ina "charge" ya noir de carbone, asilimia 2 hadi 2.5. Nikatafsiri: "Ina mzigo wa masizi." Mama mmoja akauliza, "Kwa hiyo tutalipia uchafu wa chungu?" Wakacheka, wakachagua tuyo nyeupe ya bei ya chini. Ililazwa juu ya ardhi, maana kuchimba kungeongeza gharama. Kiangazi cha pili ikaanza kupasuka.

Kamusi haikunidanganya: charge ni mzigo. Ila kwa mafundi wa plastiki na mpira, ni kitu kinachochanganywa ndani ya polima ili kuibadilisha tabia. Polima ni molekuli ndefu kama nyuzi. Miali ya jua hukata nyuzi hizo polepole, plastiki ikapauka na kuvunjika. Noir de carbone (si masizi ya chungu hasa, hutengenezwa kiwandani kwa kuchoma mafuta mazito kwa hewa haba) humeza miali hiyo kabla haijapenya. Asilimia mbili tu inatosha, mradi imesambaa vizuri.

Katika tairi kazi ni nyingine, na kiasi hakifanani: kwa kilo 100 za mpira huwekwa mara nyingi karibu kilo 50. Matairi ya zamani hayakuwa meusi. Ndiyo maana Bibendum, yule mtu wa matairi wa Michelin aliyezaliwa mwaka 1898, ni mweupe hadi leo. Mwanzoni mwa karne ya 20 ndipo ilipoonekana kwamba mpira wenye kaboni haulaiki upesi. Siri ni udogo. Chembe zake hupimwa kwa makumi ya nanomita, na gramu moja ya aina iliyo laini inaweza kuwa na uso wa mita za mraba zaidi ya 100. Nyuzi za mpira hushikamana na uso huo wote. Tairi ikivutwa, chembe husaidia kubeba nguvu. Yaani nililoliita mzigo ndilo mpagazi!

Kuna pia umeme. Polima nyingi haziupitishi, lakini chembe za kaboni zikifikia wingi wa kukaribiana, njia hufunguka ghafla. Mirija ya kaboni, ambayo Sumio Iijima aliieleza mwaka 1991, ni myembamba na mirefu, hivyo inaweza kufungua njia hiyo hata chini ya asilimia 1. Taabu yake ni kushikana mabonge, kama bugali uliosongwa vibaya, na kila bonge ni mahali pa ufa kuanzia. Kuongeza kaboni bila kuikoroga vizuri ni hasara.

Sasa watu wa avenue wanachanga tena. Karatasi nyingine iko mezani kwangu. Penye charge nimeandika "masizi ya kukinga jua." Shefu wa avenue ameuliza kama yapo pia ya kukinga wezi.