Kabla ya Kisu
Nauza kuku Dar es Salaam, na nyama nakula. Hata hivyo, mteja akiniuliza kama ni haki kumla mnyama, simcheki. Mwaka 1975 mwanafalsafa wa Australia, Peter Singer, aliandika kwamba kinachompa mnyama stahili ya kufikiriwa ni uwezo wake wa kuumia. Uislamu unaruhusu kuchinja, lakini kisu kiwe kikali, wala kisinolewe mnyama akiona.

Hayo ni ya dakika ya mwisho. Je, maisha yenyewe? Broila huchinjwa akiwa na wiki 5 au 6 tu. Tenga likijazwa kupita kiasi, hupanua mdomo akihema, mbawa zimebanwa. Anayenibana nishushe bei ajue: mara nyingi punguzo hilo hulilipa kuku.