Voi, mji unaokula kwa kusubiri

Muulize makanga wa steji ya Voi kutoka hapo hadi Wundanyi ni kilomita ngapi, atakutazama tu. Muulize mtafika lini, atajibu papo hapo: "Tukijaa, saa moja." Hapo kwenye "tukijaa" ndipo ilipo hesabu yote ya usafiri wa Taita Taveta. Matatu ya viti 14 ikiwa na watu 13 haiondoki. Hao 13 wamekwisha kulipa kwa muda wao kabla hawajatoa hata shilingi.

Hata kwenye safari ndefu, saa husema zaidi ya kilomita. Kwa mstari ulionyooka, London na Paris zimeachana kilomita 340 hivi. Voi na Nairobi, kama 300. Ndege ya London hadi Paris huchukua saa moja na robo, ilhali treni ya Eurostar, iliyoanza mwaka 1994, huchukua saa mbili na robo hivi. Hata hivyo wengi hupanda treni. Inawashusha katikati ya mji, na ndege ina safari ya kwenda uwanjani, foleni na kungojea mizigo.

Voi nayo ina uwanja mdogo wa ndege, Ikanga, lakini mwananchi wa kawaida hutegemea reli na lami. Tangu 2017 treni ya Madaraka Express ya kaunti, ile inayosimama njiani, humfikisha Nairobi kwa saa nne hivi, basi likihitaji zaidi. Nauli ya daraja la kawaida kati ya Nairobi na Mombasa, iliyoanza kwa shilingi 700, ilipanda hadi 1,500 mwaka 2024. Isitoshe, treni hiyo ina ratiba yake: ukichelewa, imekwenda. Tena inakushusha Syokimau, na kutoka hapo unatafuta tena gari la kukuingiza mjini.

Kwenye mizigo, kasi ina wanaoumia. Serikali ilipoagiza makontena ya bandari ya Mombasa yapitie reli, miji ya barabara kuu ililalamika, kwani dereva wa lori ndiye mteja wa gesti, gereji na hoteli. Septemba 2022 agizo hilo lilipoondolewa, malori yalikuwa na sababu ya kurudi, na wenye vibanda walipumua.

Upande wa Taveta hesabu ni nyingine. Reli ya Voi hadi huko ilijengwa haraka na Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza, kwa ajili ya wanajeshi. Siku hizi linalohesabiwa ni lami ya Mwatate hadi Taveta pamoja na kituo cha pamoja cha mpaka wa Kenya na Tanzania, Taveta na Holili, kilichofunguliwa 2016. Jumatano na Jumamosi, siku za soko, ndizi na nyanya hazivumilii kungoja. Kila saa iliyopungua njiani ni nyanya ambazo hazikuoza.

Kwa hiyo saa moja ina bei mbili. Kwa mwenye nyanya ni hasara. Kwa mama wa chai na mahamri pale steji, saa hiyo ndiyo duka lake: anawauzia watu 13 wanaomngoja wa 14. Siku matatu ya Wundanyi itakapoondoka kwa ratiba, abiria watashangilia, naye atalazimika kutafuta pa kuhamishia birika lake.