Taa Imekufa, au ni Betri Tu?



Mwezi uliopita watoto watatu walileta daftari bila kazi ya nyumbani. Sababu yao moja: "Mwalimu, taa imekufa." Tukabeba taa moja ya sola mpaka kwa fundi pale Ombaci, barabara ya Koboko. Ilikuwa imefungwa kwa gundi, ikabidi fundi aikate kwa kisu. Kumbe paneli nzima, balbu nzima, betri ndiyo imechoka! Akabadilisha, taa ikawaka.

Wengi wetu tunakumbuka Nokia 1100 iliyotoka mwaka 2003. Unafungua mgongo kwa kidole, unatoa betri, unaweka nyingine. Simu nyingi za kugusa za siku hizi zimefungwa kabisa. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2023: kuanzia Februari 2027, betri za vifaa vingi vidogo lazima mwenye kifaa aweze kuzitoa mwenyewe.

Sisi tusingoje Ulaya. Kabla ya kulipa, tuulize dukani: "Hii inafunguka? Betri yake inapatikana?"

Lakini angalieni sana:
- Betri mpya iwe na volti sawa na ya zamani. 3.2 si sawa na 3.7.
- Betri iliyovimba usiitoboe, usiitupe motoni, mtoto asiichezee.

Taa ikizima, wazazi, msiitupe kwanza. Ipelekeni kwa fundi. Mitihani haingoji.