Pasipoti Ndiyo Inayoajiriwa

Mkanada mwenye shahada ya akiolojia, asiyewahi kushika chaki maishani mwake, anaweza kuomba kazi ya kufundisha Kiingereza Korea Kusini na akaipata. Mwalimu wa Kenya au Uganda mwenye shahada ya ualimu wa Kiingereza na miaka kumi ya kusahihisha insha za wanafunzi wa sekondari haipati. Hakufeli usaili, maana hata kwenye usaili hakufika. Viza wanayopewa walimu wa lugha nchini humo, inayojulikana kama E-2, kwa upande wa Kiingereza inatolewa kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Mwombaji anatakiwa awe na shahada, lakini ya fani yoyote ile. Anatakiwa pia cheti cha polisi na kipimo cha afya. Kwa kazi za shule binafsi za tuisheni, ambazo Wakorea huziita hagwon, sheria haimuulizi kama anajua kufundisha. Mtu wa nchi nyingine atapenya kwa njia za pembeni tu, kwa mfano akiwa ameoa au ameolewa huko.

Nimeanza na Korea kwa sababu huko kanuni imeandikwa wazi. Kwingineko inanong'onwa, au inajificha kwenye tangazo la kazi linalotaka picha ya mwombaji kabla ya vyeti vyake. Ukweli wa kazi hii, ambao matangazo yake ya nauli ya bure na nyumba ya bure hayausemi, ni kwamba kinachonunuliwa ni mahali ulipozaliwa. Watu wetu wanalijua hilo kwa uchungu, kwa sababu linawafungia mlango nje. Lisilosemwa mara nyingi ni kwamba linamuumiza hata yule aliyefunguliwa mlango. Aliyeajiriwa kwa kuzaliwa kwake hana ujuzi wa kumshikia nafasi yake, na siku soko likigeuka, hana cha kudai.

Imani hii ya kwamba kuzaliwa kunashinda ujuzi haikuota yenyewe Asia. Sehemu ya historia yake inapita Kampala. Januari 1961, Uganda ikiwa bado chini ya Waingereza, Chuo cha Makerere kilikuwa mwenyeji wa mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola juu ya kufundisha Kiingereza kama lugha ya pili. Miaka 31 baadaye msomi Mwingereza, Robert Phillipson, aliichambua kazi ya mkutano ule katika kitabu chake kuhusu ubeberu wa lugha, akataja imani tano alizoziona zimejengeka humo: kwamba Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza pekee, kwamba mwalimu bora ni yule aliyezaliwa nacho, kwamba mtoto akianza mapema ndivyo atakavyofaulu, kwamba kadiri kinavyoongezwa ndivyo bora, na kwamba lugha nyingine zikitumika sana kiwango kitashuka. Zote tano Phillipson aliziita uongo. Ile ya pili ndiyo iliyogeuka kuwa biashara. Na historia ina mzaha wake: Juni 1962, katika Makerere ileile, walikusanyika waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza, akiwemo kijana aliyeitwa James Ngugi, ambaye baadaye dunia ilimjua kama Ngũgĩ wa Thiong'o. Kwa kanuni ya viza ya leo, hata mwandishi huyo asingeruhusiwa kuwafundisha watoto wa darasa la tatu wa Busan neno "apple".

Wanaotetea utaratibu huu wana hoja, na tusizipuuze. Ya kwanza ni ya soko: mzazi wa Seoul au Shanghai analipa kwa hela yake, anataka mwanawe apate lafudhi ya "kwao", na mwenye shule hana budi kumpa mteja anachotaka. Ya pili ni ya ubora: afisa uhamiaji hawezi kumpima kila mwombaji, kwa hiyo uraia unatumika kama kipimo cha harakaharaka. Hoja ya ubora inajiangusha yenyewe. Serikali inayojali ubora isingekubali shahada ya akiolojia na kukataa shahada ya ualimu. Isitoshe, vipimo vipo. Thailand, kwa mfano, humtaka mwalimu asiyetoka nchi za "wenye lugha" alete alama za mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, na ofisi zake hazijaporomoka kwa kazi hiyo. Hoja ya lafudhi nayo ingekuwa na uzito kama lafudhi ingekuwa moja. Mtu wa Glasgow, wa Texas na wa Johannesburg wote wamo ndani ya zile nchi saba, na wakikaa meza moja lazima mmoja aombe kurudiwa. Kuhusu ufundishaji wenyewe, Mhungaria Peter Medgyes alionyesha katika kitabu chake cha 1994 kwamba mwalimu aliyejifunza Kiingereza kama lugha ya kigeni ana silaha yake: anajua wapi panateleza kwa sababu aliteleza hapo mwenyewe. Mzawa husikia kosa upesi, lakini mara nyingi hawezi kueleza kwa nini ni kosa. Na kwa mteja kutaka, wateja wametaka mengi ambayo sheria iliwakatalia. Hapa sheria yenyewe ndiyo iliyowafundisha wazazi nani ni mwalimu.

Sasa tumfuate huyo aliyekubaliwa. Mkataba wake unasema saa 30 za kufundisha kwa wiki. Zinasikika chache. Lakini saa ya mkataba ina tafsiri yake. Kama vipindi ni vya dakika 40 na mwajiri anahesabu dakika, saa 30 ni vipindi 45 kwa wiki, tisa kwa siku, bila kuhesabu kuandaa masomo, kusahihisha na kuandika ripoti za wazazi. Pale mwishoni kuna kiinua mgongo: sheria ya Korea inampa mfanyakazi aliyetimiza mwaka mshahara wa mwezi mmoja wa ziada. Ndiyo maana mwezi wa kumi na moja unaogopwa na walimu wa hagwon kuliko mwezi wowote mwingine, maana mwajiri mjanja akimwachisha mtu hapo, kiinua mgongo kinayeyuka. Halafu kuna barua ya kuachiliwa. Viza imefungwa kwa mwajiri, na anayetaka kuhamia shule nyingine kabla ya mkataba kuisha hutakiwa kupata ridhaa yake kwa maandishi. Msomaji wa Mombasa au Tanga mwenye ndugu Ghuba atalitambua hilo bila kuelezwa, ingawa mwalimu wa Toronto hudhani kwamba kafala, mfumo wa kumfunga mfanyakazi mgeni kwa mwajiri wake, ni kwa ajili ya wasichana wa kazi za ndani. Sisemi hali zao ni sawa. Mwalimu ana chumba chake, simu yake na ubalozi unaopokea simu. Lakini kamba iliyowafunga imesokotwa namna moja.

Mshahara nao una hadithi yake. Tangu miaka ya 2000 wa kuanzia katika shule hizo umekuwa ukizungukazunguka won milioni 2 na ushei. Mwaka 2008 kima cha chini cha mshahara Korea kilikuwa won 3,770 kwa saa, yaani karibu won 788,000 kwa mwezi, kwa hiyo mwalimu mgeni alipata zaidi ya mara mbili ya hapo. Mwaka 2025 kima cha chini kilifika won 10,030 kwa saa, takriban won milioni 2.1 kwa mwezi. Muuza kahawa wa kona amemfikia mwalimu, na mwalimu hakusogea. Mtu anayelipwa kwa ujuzi hupanda kadiri ujuzi unavyokomaa. Anayelipwa kwa kuzaliwa kwake amefika kileleni siku ya kwanza, kwa sababu hawezi kuzaliwa zaidi. Hata kati ya wateule saba hao kuna madaraja: Mmarekani na Mkanada wakiondoka hurejeshewa michango yao ya pensheni, lakini si wote saba wenye haki hiyo. Na asili inayonunuliwa hushukiwa pia. Kuanzia 2007 walimu wa kigeni walilazimishwa kupimwa UKIMWI, huku wenzao Wakorea na wageni wenye damu ya Kikorea wakisamehewa. Ilibidi mwalimu mmoja wa New Zealand apeleke shauri kwa kamati ya Umoja wa Mataifa ya kupinga ubaguzi wa rangi, iliyompa haki mwaka 2015, ndipo kipimo kikaondolewa mwaka 2017.

Soko likigeuka, huwa halibishi hodi. Japani, kampuni ya NOVA ilikuwa kubwa kuliko zote katika kuuza mazungumzo ya Kiingereza, yenye matawi mamia karibu na vituo vya treni. Wanafunzi walilipia masomo kwa jumla, miezi na miezi mbele. Juni 2007 serikali iliisimamisha kuuza mikataba mipya ya muda mrefu kwa jinsi ilivyowanyima wateja haki ya kurudishiwa fedha, na hela mpya zilipokatika, mishahara nayo ikakatika. Oktoba mwaka huo kampuni ilianguka, ikiacha zaidi ya walimu 4,000 wa kigeni. Wengi waliishi katika nyumba zilizopangwa na kampuni. Kodi ilikatwa kwenye mishahara yao, lakini kuna wenye nyumba ambao hawakuiona, kwa hiyo mwalimu aliyelipa alipewa notisi ya kuhama. Wapo waliofundisha wanafunzi wao kwa malipo ya chakula. China nayo, Julai 2021, iliamua kupunguza mzigo wa watoto: tuisheni ya masomo ya shule ikakatazwa mwishoni mwa wiki na wakati wa likizo, kampuni zake zikaamriwa zisiwe za faida, na wageni walio nje ya nchi wakakatazwa kabisa kuwafundisha watoto hao. Walimu Wamarekani waliokuwa wakiamka alfajiri kufundisha watoto wa Beijing kwa intaneti walipoteza kipato hicho ndani ya msimu mmoja. Hakuna aliyewaambia wamefundisha vibaya.

Hapo msomaji aliyechoka kusubiri ajira ya serikali atauliza: hata kama ni hivyo, si bora kuliko kukaa bure? Won milioni 2, au hata nusu yake Bangkok, ni zaidi ya anachopata mwalimu wa shule binafsi Kisumu au Morogoro. Hoja hiyo ni ya haki, na anayekwenda simlaumu. Ila atazame ni mlango upi anaonyeshwa. Thailand Mwafrika anaweza kufundisha kihalali, akiwa na viza ya kazi, kibali cha kazi na kibali cha baraza la walimu, ingawa mara nyingi mezani kuna viwango viwili vya mshahara na chake ni kile cha chini. China, kibali cha kufundisha Kiingereza kinamtaka mtu awe raia wa nchi ambayo Kiingereza ndiyo lugha ya kwanza. Kwa hiyo wakala anayesema "nenda kwa viza ya masomo, kazi utapata hukohuko" anamuuza mtu. Mwenye viza ya masomo akifundisha bila ruhusa yuko mikononi mwa mwajiri: asipolipwa hana pa kushtaki, kwa sababu kushtaki ni kujitaja. Swali la kumuuliza wakala ni dogo: viza itaandikwa kazi gani, na jina la mwajiri ni nani? Akianza kuzunguka mbuyu, jibu limepatikana.

Ipo mifano ya karibu inayoonyesha kwamba kazi hii inaweza kupangwa vingine. Rwanda ilipoamua mwaka 2008 kuhamisha shule zake kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, maelfu ya walimu wake hawakukijua vizuri. Ilitafuta walimu wa kuwalea wengine shuleni, na ikawapata Uganda na Kenya, watu wanaojua maana ya kumfundisha mtoto anayeota ndoto kwa lugha nyingine. Mwaka 2022 ilipokea walimu 154 kutoka Zimbabwe kwa makubaliano ya serikali kwa serikali. Malipo ya Kigali hayafikii ya Seoul, hilo ni kweli, lakini aliyeajiriwa pale aliulizwa anajua nini.

Na Korea yenyewe ilikwisha kuufungua mlango wake mara moja. Mkataba wake wa kiuchumi na India, ulioanza kutumika Januari 2010, uliwaruhusu Wahindi kuwa walimu wasaidizi wa Kiingereza katika shule za msingi na sekondari, kwa sharti la kuwa na sifa za ualimu, sharti ambalo yule Mkanada wa akiolojia halijui. Lafudhi ya Mumbai haikubadilika usiku ule. Kilichobadilika ni kwamba mtu fulani alikaa kwenye meza ya biashara akamtaja mwalimu. Juni 2024, wakati wa mkutano wa viongozi wa Korea na Afrika, Tanzania na Korea Kusini zilitangaza kuanza mazungumzo ya mkataba wa kiuchumi wa aina hiyohiyo. Vyama vya walimu vina anwani ya wizara inayohusika.