Pikapu Kuukuu Hukaguliwa Alfajiri

Msomaji mmoja wa Timau, kaunti ya Meru, ameniandikia. Ameona Hilux kuukuu ya dizeli inauzwa Kiritiri, upande wa Mbeere kule Embu. Alifika saa saba mchana, muuzaji akazungusha ufunguo mara moja tu, injini ikanguruma. Sasa anauliza akague nini kabla ya kutoa pesa.

Tairi, taa na kutu ya chesisi, fundi yeyote atamtazamia. Jina lililo kwenye logbuku atalihakiki NTSA kupitia eCitizen. Kinachonikera mimi ni hiyo saa saba mchana.

Injini ya dizeli haiwashwi kwa cheche. Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifaulu majaribio kule Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, alitegemea jambo moja: hewa ikibanwa ghafla hupata moto. Chukua pampu ya baiskeli, ziba tundu kwa kidole, sukuma kwa nguvu mara kadhaa, kisha shika sehemu ya chini. Inachoma. Msuguano umechangia kidogo, lakini sehemu kubwa ya joto hilo ni nguvu za mkono wako zilizoingia ndani ya hewa. Katika silinda ya Hilux za zamani, hewa hubanwa hadi ikabaki kama sehemu moja ya 22 ya nafasi iliyokuwa nayo. Kwa hesabu ya kitabuni, hewa iliyoingia ikiwa na nyuzi 30 hufika juu ikiwa imepita nyuzi 600. Dizeli ikinyunyiziwa humo huwaka yenyewe.

Tusiiache pampu bado. Ngozi yake ya ndani ikichakaa, hewa hupenya pembeni. Ukisukuma polepole, yote inatoroka na kidole hakisikii kitu. Ukisukuma haraka, hewa haipati muda wa kutoroka, na pampu ile ile mbovu inajaza tairi. Mmiliki wa pampu kama hiyo hujizoeza kusukuma haraka, na miaka inapita bila yeye kujua kwamba ngozi imekwisha. Katika injini, ngozi hiyo ni ringi za pistoni. Starta huizungusha injini polepole, kama mara 200 kwa dakika. Ikishawaka, hata bila kukanyagwa mafuta, inazunguka zaidi ya mara 600. Kwa hiyo ringi zilizokwisha huumbuka wakati wa kuwasha, na mwendo ukishakolea unazifunika. Ndiyo sababu gari lililokataa starta hukubali likisukumwa mteremkoni na kutiwa gia ya pili.

Sasa weka baridi juu yake. Kubanwa kule huzidisha joto karibu mara tatu, likipimwa kutoka sifuri ya kweli, nyuzi 273 chini ya barafu. Maana yake, kila nyuzi moja inayopungua hewa inapoingia hupunguza karibu nyuzi tatu inapomaliza kubanwa. Kama Kiritiri mchana ni nyuzi 30 na Timau alfajiri ya Julai ni 10, umeshapoteza nyuzi 60. Chuma nacho kimelala baridi, kinanyonya joto lililobaki. Tena Timau ni zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Injini nzima humudu yote hayo. Iliyochoka itakohoa, itoe moshi mweupe unaowasha macho, ambao ni dizeli iliyotoka bila kuungua, kisha izime.

Hiyo hewa inayopita ringi na kushukia kwenye oili haina jina zuri. Mafundi husema injini "inapumua", lakini hata injini mpya hupumua. "Mvujo" nauachia maji na mafuta. Nitaiita mpenyo, hadi atakayeniletea bora. Kuuona ni rahisi: injini ikinguruma, fungua kifuniko cha oili, kigeuze, kiache juu ya tundu. Kikitulia au kutikisika kidogo, sawa. Kikirukaruka na moshi ukitoka chini yake kwa kusukumwa, mpenyo ni mkubwa.

Wauzaji wajanja hutia oili nzito ili izibe nafasi ya ringi. Mchana hila hiyo inafanya kazi. Alfajiri oili hiyo inakuwa kama asali, starta inazunguka polepole zaidi, na tumesharudi kwenye pampu inayosukumwa na mzee.

Ningeuliza pia kama pikapu imewahi kubeba miraa. Kathinoni, kemikali inayomchangamsha mlaji, hugeuka kathini iliyo dhaifu kadiri majani yanavyonyauka, kwa hiyo mzigo wa Maua hukimbizwa Nairobi siku hiyo hiyo. Dereva hakanyagi mafuta kwa kupenda. Anakimbizana na kemia, na bili inalipwa na ringi.

Plagi za kupasha joto zikifa, au betri ikichoka, injini nzima pia hugoma asubuhi, na hizo ni gharama ndogo; fundi azipime kwanza.

Basi ndugu yangu wa Timau, mwambie muuzaji utafika kabla hajaiwasha, na ukifika weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa na joto, rudi kesho. Ila hata alfajiri ya Kiritiri si ya Timau. Kama mtu huyo ni muungwana, mjazie dizeli, mlipie malazi, mpande naye kupitia Embu, Chuka na Meru. Kwenye mlima wa kutoka daraja la Nithi tazama moshi wa nyuma: wa buluu ni oili inayoungua. Pikapu ilale nje kwako, na ufunguo ulale nawe.